Maswali na Majibu: Jini Wako Ana Masharti Gani?

Siku hizi maswali mengi yanatoka kwa watu wanaoandika riwaya za mfululizo za majini, mizimu na mambo ya usiku. Si ajabu, hapa ni Tanga. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Walioniuliza mganga mzuri yuko wapi wakaulize kwingine, safu hii ni ya vitabu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Makorora. Naandika mfululizo kuhusu jini mahaba aliyempenda fundi cherehani. Rafiki zangu wanasema majini wamezoeleka, niweke wanyonya damu wa Ulaya ndipo nitauza. Nifuate lipi?

Marahaba mwanangu. Baki na jini wako, na sababu yenyewe si uzalendo. Mnyonya damu anakuja na masharti aliyopangiwa na wenzio zamani: jua linamuunguza, kitunguu saumu kinamkimbiza, haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Msomaji wa Ngamiani ameyaona hayo kwenye filamu mpaka hayamshtui tena. Jini hajamzoea hivyo, hata kama mchana anajidai hamwamini. Mwambie akamwage maji ya moto uani usiku bila kupiga bismillahi, uone kama hatasita.

Tena mila zetu zimekurahisishia kazi. Jini anampanda mtu kichwani, na mtu huyo ndiye kiti chake. Akija kwenye ngoma anataja jina, anataja kwao, halafu anadai: kitambaa cha rangi fulani, marashi, pete, chano. Akipewa anatulia, akinyimwa anasumbua. Huo ni mkataba, na palipo na mkataba pana mtu atakayeuvunja. Riwaya imeshaanza.

Sasa fundi wako. Usiniandikie kwamba jini ana wivu. Nionyeshe dada huyu akishona kanzu za msibani na mashuka ya maiti, kazi inatoka safi kabisa. Siku anapoletewa gauni la bibi harusi, sindano inakatika. Anabadilisha, inakatika ya pili. Anampelekea gauni mwenzake wa cherehani ya jirani, huko linashonwa bila tatizo. Mpaka hapo msomaji ameshalijua sharti, wala hukumweleza.

Ukishaliweka, lishike. Kama kitabu cha kwanza kilisema jini huyu havuki maji ya chumvi, katika cha tatu usimpandishe boti ya Pemba kwa sababu tu unamhitaji kule. Akivuka, lazima mtu alipe kitu kizito, na kilipwe mbele ya macho ya msomaji. Waandishi wengi wa riwaya hizi wanampa jini uwezo mpya kila wanapokwama. Kufikia kitabu cha pili hakuna anayeogopa tena, maana kila mtu anajua mwandishi atatoa kingine mfukoni.

Mfululizo mzuri uwe na vitabu vingapi? Nipo Pongwe.

Kwanza amua ni mfululizo wa aina gani. Mfululizo kwetu si mgeni. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, akaendelea naye kwa miaka. Ben Mtobwa alikuwa na Joram Kiango, Elvis Musiba na Willy Gamba. Hao wote walifanya aina moja: mhusika ni yuleyule, lakini kila kitabu kina kisa chake na kinaisha chenyewe. Aina ya pili ni kisa kimoja kirefu kilichokatwa vipande, na hiyo ndiyo wengi wenu mnaandika. Kwa mwandishi mpya nashauri ya kwanza, kwa sababu anayeanzia kitabu cha tatu hapotei. Ukishikilia ya pili, vitatu vinatosha, na ujue mwisho wa cha tatu kabla hujatoa cha kwanza.

Nataka kisa changu kitokee Mapango ya Amboni, lakini nimeambiwa nisitaje mahali pa kweli. Ni sahihi? Msomaji, Pangani.

Si sahihi, ila kuna mpaka. Mahali pa kweli ndipo nguvu ya riwaya hizi. Amboni ni kilomita nane hivi kaskazini ya mji, mapango ya mawe ya chokaa, na mpaka leo watu wanaingia kuomba kwenye mzimu na kuacha sadaka. Hadithi za mjini zinasema njia za humo ndani zinatokea Mombasa, wengine wanazifikisha mpaka Kilimanjaro. Wapimaji walioingia miaka ya 1990 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Mwandishi mvivu atachagua upande mmoja. Mimi ningemwandika mpimaji: kamba yake imeishia kwenye ukuta wa jiwe, na nyuma ya ukuta anasikia mtu akitwanga.

Halafu wewe wa Pangani, kwa nini unang'ang'ania Amboni wakati Tongoni iko kwenye barabara yenu? Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, na kwenye nguzo zimebaki alama za mahali vilipokuwa vyombo vya kauri kutoka mbali. Baharini hapo mbele ndipo Vasco da Gama alipoichoma merikebu yake moja, São Rafael, Januari 1499, maana mabaharia walikufa wengi na waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Merikebu iliyochomwa na wenyewe, jirani na makaburi. Mtu anakuachia kitu kama hicho nawe unakwenda kutafuta kasri la Ulaya!

Nenda mwenyewe, mlipe mwongoza wageni, uliza. Andika harufu, andika popo, andika mteremko ambao kandambili zinateleza. Mpaka niliousema ni huu: jini au uchawi usiuweke kwenye nyumba ya mtu aliye hai, wala ukoo unaojulikana, wala yule bibi wa mtaani mwenye macho mekundu. Nchi hii wazee wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Mapango hayana mjukuu wa kupigwa mawe; bibi wa watu anaye.

Mama yangu amesikia naandika majini, ananiambia naharibu dini yangu. Nimuambieje? Binti wa Chumbageni.

Mama habishaniwi, mwanangu. Msomee. Majini wametajwa katika Kurani na wana sura yao, ya 72, kwa hiyo kuwataja tu si kosa. Kinachomtia hofu pengine ni kwamba utafundisha uganga. Basi usifundishe: usiandike dawa, usiandike hesabu za nyota zinazoweza kufuatwa na mtoto wa watu, na aya usizitie kinywani mwa mganga wako kama mapambo. Dua atakayoisoma ustadhi katika kisa itaje tu kwamba imesomwa.

Na akisema waungwana hawaandiki mambo hayo, mkumbushe Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huku kwetu, upande wa Machui. Katika Adili na Nduguze kuna majini na kuna ndugu waliogeuzwa manyani, na kitabu hicho kimesomwa mashuleni na hakuna aliyeritadi.

Nipo kitabu cha pili na nimeanza kuchanganya mambo. Msomaji mmoja kaniambia hirizi ilikuwa mkono wa kulia, sasa iko kushoto. Nifanyeje? Muheza.

Kanunue kaunta buku. Kila mhusika ukurasa wake: umri, kabila, kovu, anamwitaje nani, hirizi iko wapi, na sharti la jini wake kwa maneno yaleyale uliyoyaandika mara ya kwanza. Kila ukimaliza sura, jaza. Kazi inachosha lakini haina njia ya mkato.

Umeniuliza hirizi, lakini kinachoniudhi zaidi ni mwezi na bahari. Nimesoma riwaya ambamo usiku wa kuamkia Idd el-Fitri kuna mbalamwezi kamili na jini anacheza ufukweni. Idd el-Fitri ni mwezi mwandamo! Mwezi mpevu unapatikana tarehe 14 au 15 za mwezi wa Kiislamu, na hilo anayefunga Ramadhani yeyote analijua. Bahari nayo inafuata mwezi: bamvua ni siku za mwandamo na za mpevu, maji yanajaa sana na kutoka sana, na saa za kujaa zinasogea karibu dakika 50 kila siku. Kama chunusi wako, yule jini wa baharini, anamvuta mtu pale Raskazone saa sita usiku maji yakiwa yamejaa, basi kesho yake saa sita hiyohiyo bado hayajafika alipoyaacha. Mvuvi atakayekusoma atakifunga kitabu hapo hapo, na ukweli atakuwa na haki.

Naandika Facebook kisa cha msukule anayerudi Mikanjuni. Watu wanapenda, wanauliza "inaendelea lini?", lakini nikisema lipieni, kimya. Tatizo nini?

Tatizo la kwanza: waliwahi kuumwa na nyoka mwingine. Hadithi ngapi zimekufa sehemu ya 23, mwandishi kapotea, simu haipatikani? Msomaji amelipa mara moja akaachwa, hataki tena. Kwa hiyo kimalize kitabu kabla hujaweka sehemu ya kwanza, na siku hiyo ya kwanza uwaambie: hiki kimekwisha, sehemu 12 ni bure, kinachobaki kinauzwa bei fulani. Ukianza kudai pesa sehemu ya 15 bila kutangaza, wanaona umewatega.

La pili ni unapokata. Wengi mnakata mlango unapofunguka wenyewe au mkono unapomgusa mtu begani. Kesho yake tunakuta alikuwa paka. Ukifanya hivyo mara mbili tunakujua. Kata mahali mhusika anapotakiwa kuchagua, na machaguo yote mawili yanauma: mama amemtambua mwanawe aliyemzika, amesimama uani anamwita jina la utotoni, na baba kashika komeo. Anafungua au hafungui? Hapo mtu analala na swali, na kesho anatafuta namba yako mwenyewe.

Tatu, pesa yenyewe. Mtu anapolipa kwa simu, jina la mwenye namba linatokea kabla hajathibitisha. Kama jaladani unajiita jina moja na simu inaleta jina la shemeji yako, anaghairi, maana matapeli wamejaa. Andika wazi kwenye tangazo jina litakalotokea. Mwingine yuko M-Pesa, mwingine Airtel Money, weka namba zote mbili. Faili la PDF unalomtumia liwe na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Atafikiri mara mbili kabla ya kulisambaza kwenye kundi la ukoo.

Kwa mfululizo, kitabu cha kwanza usitafute nacho faida. Kiuze rahisi sana au ukitoe bure kizima, kama muuza halua anavyokukatia kionjo. Faida iko cha pili na cha tatu. Lakini kiwe kizima, chenye kisa kilichofungwa, na swali moja tu lililobaki wazi.

Chagua siku na saa, usibadilishe. Saa tatu usiku inafaa, watu wameshakula, na hadithi ya kutisha haisomwi mchana sokoni Mgandini. Ukichapa nakala, chache kwanza, usikimbilie maduka makubwa ya vitabu. Peleka saluni, ambako mtu anakaa saa nne anasukwa. Peleka stendi ya Kange, kuna mtu ana safari ndefu ya basi na simu inaisha chaji. Ongea na redio ya hapa mjini wakupe dakika tano usome mwenyewe, na usome vizuri. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule na maktaba zinatafuta mwandishi wa kualika. Jipeleke mapema, Juni watakuwa wameshapanga.

Kuhusu kulipia matangazo ya Facebook: baadaye, ukiwa na vitabu viwili vya kuuza. Tangazo la kitabu kimoja cha bei rahisi mara nyingi linakula pesa kuliko linacholeta.

Kuna mtu anasoma hadithi yangu YouTube kwa sauti yake, jina langu hakuna. Nina haki gani? Sahare.

Unayo. Hakimiliki inaanza pale ulipoandika, na kwa sheria yetu inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwako. Wazo la jini mwenye wivu si la mtu, ila sentensi zako ni zako. Hifadhi rasimu zenye tarehe na picha za kurasa ulipochapisha kwanza, kisha peleka malalamiko YouTube kwa njia yao ya hakimiliki. Kazi zako ziandikishe COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Ukifika kwenye mabishano ushahidi huo unasaidia. Ila kabla ya hayo yote mwandikie huyo mtu. Kama ana wasikilizaji wengi na sauti nzuri, labda mnaweza kugawana mapato, akataja jina lako na mahali kitabu kinapouzwa. Akikataa, ndipo umshtaki.

Vitabu vyangu vitatu vinaweza kutumia ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) moja kwa kuwa ni hadithi moja? Na jalada nichore fuvu? Korogwe.

Hapana. Kila kitabu namba yake, na toleo la karatasi na la simu kila moja yake. Zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Omba zote tatu pamoja.

Fuvu usichore, kila mtu ana fuvu. Tafuta kitu kimoja kutoka ndani ya kisa, ukiweke kwenye majalada yote matatu, rangi tu ibadilike. Kisha lipunguze jalada kwenye simu mpaka litoshe ukucha wa kidole gumba. Kama jina la kitabu halisomeki hapo, mrudishie mchoraji.