Lengalenga za manjano

Mwaka ule tulipohamia parsele yetu (kiwanja chetu), upande wa kaskazini-magharibi wa Lubumbashi, nilipanda lengalenga mara tatu, na mara tatu ziligeuka manjano kabla hazijafika urefu wa kidole. (Ndugu zetu wa pwani huziita mchicha.) Mke wangu alisema tumerogwa. Mimi, mtu wa parokia, nilitafuta neno lenye heshima zaidi, nikasema ni majaribu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama bustanini na kopo la maji, nikaiombea. Haikupona.

Aliyenifungua macho ni papa jirani, mstaafu wa kiwandani, ambaye alikuwa ananitazama juu ya ukuta kwa majuma mengi bila kusema kitu. Siku moja akaniuliza: "Mwanangu, unajua hapo unapolima palikuwa nini?" Sikujua. Wakati wa kununua niliuliza bei, nikauliza maji, nikauliza kama hati ni safi. Udongo sikuuuliza chochote. Papa akazunguka, akaingia na jembe lake mwenyewe, akachimba kiasi cha shubiri moja pale konani. Tukakuta kokoto nyeusi, nzito, zinang'aa kama chupa iliyovunjika. Taka za tanuru la shaba. Mwenye parsele wa kwanza alimwaga lori zima ili kusawazisha kiwanja, halafu akatandaza udongo mwekundu juu, tabaka jembamba tu la kupendeza macho.

Basi, nikaanza kusoma habari za mji wangu, jambo ambalo shuleni lilinichosha kabisa. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya madini, likaanza kuyeyusha shaba. Majira ya kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wenye salfa na vumbi la madini ulikuwa unasukumwa upande mmoja, miaka nenda miaka rudi: kaskazini-magharibi. Kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani za mjini wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Kumbe nilikuwa nimenunua nyumba katikati ya njia ya moshi, kisha nikamlaumu shetani.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kulima hapa mjini hauhusu mbegu. Tafuta mzee wa kartie, yaani wa mtaa, umpe kiti, umwache aongee. Muulize nyumba zilijengwa lini, shimo la taka lilikuwa wapi, mtaro ulipita wapi. Usimkatize anapohamia habari za mpira au za ndoa ya dada yake, maana kati ya hizo ndipo atasema "pale pako palikuwa na njia ya lori". Na usome pia. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki cha Katanga ambacho walimu walikuwa wanatusahihisha kila siku. Niliisoma kwenye simu, umeme umekatika, nikajisikia kama nimeketi na babu zangu barazani.

Halafu tazama kinachoota chenyewe. Kuna mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaopenda udongo wa shaba, wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Mahali mimea mingine inapokufa, wenyewe unastawi, hata watafuta madini waliutumia kama alama. Ukiukuta umejaa kwenye ua wako, furahia uzuri wake, lakini mboga usipande hapo. Shaba ya nchi hii ni ya zamani sana. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika na Biblia yake kwa mfalme Msiri, kwenye mji wake wa Bunkeya, mwaka 1886, wahunzi walikuwa tayari wameiyeyusha kwa karne nyingi, na watu walikuwa wanalipa mahari kwa misalaba ya shaba. Msalaba ule haukuwa na habari ya Golgota. Ulikuwa mali. Nalifikiria jambo hilo kila ninapopiga goti kanisani, na sijamaliza kulifikiria.

Kuhusu maombi, siyaachi. Ila Jumapili moja lilisomwa neno la Luka 13, lile la mtini usiozaa miaka mitatu. Nimelisikia tangu utoto, na siku zote nilimtazama mwenye shamba mwenye hasira. Safari hii nilimsikia mtunza bustani. Anaomba mwaka mmoja zaidi, ndiyo, lakini papo hapo anasema atauchimbia mti pembeni na kuutia samadi. Mimi nilikuwa nimeomba tu, samadi sikuleta. Nilitamani padri aendelee hapo, lakini akaingia kwenye habari za michango ya paa.

Tulichofanya nyumbani ni hiki. Tulitoa kokoto kwa ndoo, mimi na watoto, kiangazi kizima. Tukainua matuta kwa udongo wa kichuguu tulioleta kutoka porini, udongo laini unaoshika maji vizuri, tukauchanganya na samadi ya kuku na majani yaliyooza. Chokaa ya kilimo tuliitia kidogo kidogo, maana udongo ukipungua uchachu, mimea hunyonya shaba kidogo. Sehemu mbaya zaidi tuliachia mahindi na nyanya, kwa sababu madini hukusanyika zaidi kwenye majani kuliko kwenye matunda. Matembele na lengalenga zinakaa kwenye matuta tu. Sombe, yaani majani ya mhogo tunayokula na bukari (ugali), tunaosha kwa maji mengi kabla ya kutwanga, mara mbili au tatu, kwa sababu vumbi la barabara nalo lina madini yake. Mke wangu ananicheka kwamba naosha majani kama ninayabatiza.

Mvua za Novemba zilipokuja, lengalenga zilitoka kijani. Si zote, pale konani bado kuna kipara cha ukubwa wa mkeka, nimekiacha hivyo. Kokoto nyeusi tumezipanga chini ya ukuta wa papa jirani, na jioni anazikalia, anangoja fungu lake la mboga za Jumamosi. Wiki iliyopita alilishika, akageuza jani moja juu chini mbele ya jua, akaliangalia muda mrefu. "Hizi," akasema, "tunaweza kula na bukari."