Siku Moja Nangani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni siku ipi isiyo na tukio lolote ambayo hujaisahau?" Yangu ni siku niliyoshinda nangani nyuma ya mwamba wa matumbawe, katika bahari ya tropiki, nikiwa baharia mwanagenzi kwenye mashua ya matanga ya mzee mmoja aliyekuwa amevuka bahari mara nyingi kabla mimi sijajua hata kufunga fundo.

Tulikuwa tumeingia jana yake baada ya adhuhuri, jua likiwa juu na kidogo nyuma yetu, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo maji husomeka: buluu iliyokoza ni kina, kijani ni mchanga ulio karibu, na kahawia ni mwamba unaousubiri mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Mzee alichagua kiraka cha mchanga mtupu, kwa sababu penye majani ya bahari nanga haishiki vizuri, na penye matumbawe huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Maji yangefika mita 9 wakati wa kujaa. Tukaongeza mita 1 ya kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, juu ya maji, tukazidisha mara 5, tukafungua mita 50 za mnyororo. Nilipozama kuitazama nanga niliikuta imejifukia, na sehemu kubwa ya mnyororo imelala chini, hali inayofanya mashua iivute nanga kwa ulalo badala ya kuing'oa kwa juu.

Siku yenyewe ilipambazuka shwari. Tulitanda turubai juu ya sitaha, tukakausha ngama, yaani sehemu ya chini ya mashua maji yanapokusanyika, na Mzee akaketi kivulini kushona tanga lililochanika mshono. Mimi nilipewa kazi moja tu, nayo ilikuwa kuangalia alama mbili za pwani, yaani mti mrefu na jabali lililokuwa nyuma yake, ili nijue kama nanga inaburuzika. Kazi hiyo ilinitesa kuliko nilivyotarajia. Alfajiri upepo ulikuwa ukitoka nchi kavu. Ardhi ilipopata joto ukafa, kisha ukaanza kuvuma kutoka baharini, na mashua ikageuka polepole ikiizunguka nanga yake. Mti ukaliacha jabali. Nikapiga kelele. Mzee alinitaka nisubiri mpaka mashua itulie, nitafute alama nyingine mbili, kisha nizitazame kwa nusu saa kabla ya kusema lolote. Nilizitazama, nazo hazikusogea hata kidogo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo hasa lililonifanya niikumbuke siku ile. Nilijifunza ubaharia mbali sana na ikweta, mahali ambapo baromita, yaani chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, ikishuka, mtu hukunja matanga kwanza na kuuliza maswali baadaye. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeandika milibari 1013, milibari ikiwa kizio cha kanieneo. Adhuhuri ilikuwa imeshuka, na saa kumi alasiri ilisoma 1010, ilhali mbingu zilikuwa safi. Nilimwendea Mzee nikiwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba tunapaswa kung'oa nanga na kukimbilia maji mapana kabla ya giza.

Hakuinua hata macho. Aliniambia nifungue daftari la safari nisome saa kumi za alasiri za wiki nzima, nami nikakuta kila siku kanieneo ya hewa imeshuka kwa kiasi kilekile, na kila siku saa nne usiku imepanda tena. Kumbe katika ukanda wa tropiki angahewa ina kupwa na kujaa kwake: jua huipasha joto, nayo huitikia kwa kupanda karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na kushuka karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, kwa tofauti ya milibari 2 au 3. (Alexander von Humboldt, aliyezunguka Amerika kati ya 1799 na 1804, aliustaajabia utaratibu huo kiasi cha kusema kwamba baromita ya huko karibu itumike kama saa.) Mbali na ikweta mwendo huo ni mdogo, nao humezwa na hali ya hewa inayopita. Mzee akaongeza kwamba palepale penye utaratibu ndipo hatari huonekana mapema: kanieneo ikiwa milibari 3 chini ya wastani wa msimu, baada ya kuondoa mwendo huo wa kila siku, baharia aanze kushuku kimbunga, ikiwa 5, asikae kubishana na baromita yake.

Niliona haya, lakini si kwa muda mrefu, maana jua la huko huzama karibu wima na giza halimngojei mtu. Tulishusha lile duara jeusi ambalo kanuni za kimataifa za 1972 zinataka chombo kilichotia nanga kilitundike mchana, tukawasha taa nyeupe ionekanayo pande zote. Katika daftari Mzee aliandika maneno mawili: "Nangani. Shwari." Saa nne usiku nilisoma baromita kwa tochi, nikaandika 1012 chini ya maneno yake.

Zamu ya alfajiri haikuwa yangu, lakini saa kumi niliamka mwenyewe, nikaenda kuitazama. Ilikuwa 1011.