Haufi, hauliwi, hauchoki: sifa za mmea zilizoniumbua

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia. Kaona mmea wa maua kutoka nchi ya mbali, na muuzaji anamwapia kwamba unakua upesi, haushambuliwi na wadudu, hautaki kumwagiliwa na unachanua mwaka mzima. Swali lake lilikuwa moja: achukue miche mingapi? Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno ya yule muuzaji nayajua vizuri. Niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe, kwa rangi nyeupe, kwenye kibao cha kitalu changu.

Nilikuwa nauza lantana. Bila shaka umeshaiona: vichala vya maua madogo, katikati njano, pembeni rangi ya chungwa au waridi, na vipepeo hawabanduki. Nilianza na vipandikizi sita nilivyoomba kwenye bustani ya mtu, na vyote sita vikashika. Mpanda maua yeyote anajua raha ya vipandikizi kushika vyote. Mimi nikadhani ni mkono wangu. Nikajiita fundi, na baada ya misimu mitatu nusu ya kitalu ilikuwa lantana. Watu waliipanda kuwa uzio, kwa sababu nilikuwa nikiwaambia kwa majivuno kwamba mifugo haiigusi. Ni kweli haiigusi. Majani yake yana sumu.

Mteja wangu mkubwa aliizungushia shamba lake lote, na shamba hilo limepakana na msitu. Mwaka wa nne akanipigia simu. Nilikwenda na daftari la oda, nikidhani anataka kuongeza. Akanipeleka nyuma ya shamba, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa ili kupitisha njia, na pale nikaikuta lantana imesimama kunizidi kimo, imefumana hata mbwa hapiti. Ndege walikuwa wamekula matunda yake meusi pale kwenye uzio, wakaenda kuziangusha mbegu huko. Mteja alikuwa amemleta mtaalamu wa mimea, kijana mdogo kwangu kwa umri, naye akaniuliza mbele ya wafanyakazi: "Mzee, kwao mmea huu unaliwa na nani?" Sikuwa na jibu. Wakacheka. Angeweza kuniita pembeni akaniuliza, lakini hakufanya hivyo, na kicheko kile bado nakisikia.

Swali lenyewe, hata hivyo, lilikuwa swali sahihi, nami nimelisomea tangu siku ile.

Kila mmea kwao una wadai. Kuna fukusi anayetoboa mbegu, kiwavi anayetafuna majani, kuvu anayeozesha mizizi. Ukichukua kipandikizi kisafi ukakivusha bahari, wadai wanabaki nyuma, na nguvu ambayo mmea ungeipoteza kwao inakwenda kwenye majani, maua na mbegu. Ushahidi mzuri kuliko wote uko Australia. Kufikia miaka ya 1920 mpungate, ile dungusi yenye viganja bapa iliyotoka Amerika, ulikuwa umefunika takriban hekta milioni 24. Mwaka 1926 wakaanza kuachilia viwavi wa nondo aitwaye Cactoblastis cactorum, mdai wake wa zamani kutoka Argentina. Haikupita miaka kumi sehemu kubwa ya mpungate ikawa imeoza. (Usikimbilie kuagiza wadudu. Mwaka 1989 nondo huyohuyo alionekana Florida, na huko alianza kula dungusi za wenyewe.)

Kukosa adui peke yake hakutoshi, kwani mwenyeji naye huwa ameacha mlango wazi. Magugumaji yalitoka Amerika Kusini, yakalikuta Ziwa Victoria limejaa rutuba ya majitaka na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Mmea unaozaa kwa kurefusha kikonyo na kuotesha mwingine pembeni, unaoweza kuongezeka maradufu kwa takriban majuma mawili, ukipata chakula cha namna hiyo utafanya nini? Katika miaka ya 1990 ghuba nzimanzima ziligeuka kijani na mitumbwi ikakwama. Fukusi wa Neochetina, wadudu wanaoyala magugumaji, waliletwa wakasaidia, ila rutuba ingalipo, na magugumaji hurudi. Hata lantana yangu haikuingia ndani ya msitu wenye kivuli kizito. Ilifuata ile njia iliyokatwa, palipokuwa na jua na udongo uliotifuliwa. Hilo nilimwambia mteja wangu siku ileile, naye akaona najitetea. Nilikuwa najitetea kweli, lakini nilichosema ni kweli pia.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma, maana linanihusu mimi muuzaji. Mmea ulioletwa mara moja, miche miwili, mara nyingi hufa kimyakimya. Ulioletwa mara mia, mahali mia, lazima mahali fulani utakuta pazuri. Kudzu, mmea wa kutambaa kutoka Asia, ilionyeshwa Marekani mwaka 1876 kwenye maonyesho ya Philadelphia, ikakaa miongo kadhaa kama pambo la baraza. Iliposhika kasi ni baada ya miaka ya 1930, pale serikali ilipogawa mamilioni ya miche ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Na lantana? Waholanzi waliipeleka Ulaya katika karne ya 17, wakulima wa maua huko wakaichanganya na kuichagua kwa vizazi vingi, wakapata mamia ya aina, kila moja ngumu na yenye maua kuliko ya awali, kisha wakaisambaza duniani. Kwa maneno mengine, walifanya nilichokifanya mimi, kwa ukubwa zaidi.

Sasa ndugu yangu, najua na wewe unataka bustani inayosimamisha wapita njia. Mimi pia. Wala sisemi kila kigeni ni kibaya. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, inasema ni takriban asilimia 6 tu ya mimea ya kigeni ndiyo inayojulikana kuwa vamizi. Mahindi yalitoka Meksiko yakaenea dunia nzima, na hayajavamia msitu hata mmoja, kwa sababu punje zimeng'ang'ania gunzi zikingoja mkono wa mtu. Lakini tusidanganyane. Tukisema "mmea usiosumbua", maana yake ni mmea ambao hakuna anayeuweza. Kwa hiyo uliza: kwao unaliwa na nani, na hapa utaliwa na nani? Uliza pia kama umeshavamia nchi nyingine yenye hali ya hewa kama ya kwako. Hakuna dalili ya kuaminika kuliko hiyo. Halafu rudi uulize tena nani anaula.

Na usiniambie bibi yako alikuwa nao na haukumsumbua. Huko Brandenburg, Ujerumani, walipochunguza miti na vichaka vya kigeni, walikuta kwamba kutoka kuletwa hadi kuanza kusambaa ilipita wastani wa miaka 147. Bibi yako alikuwa bado yumo ndani ya muda wa kungojea.

Kama umeshaupanda, ng'oa mizizi yote ardhi ikiwa na unyevu, kabla matunda hayajaiva. Mimi nilianza kwa panga, na kwa siku nzima nikajiona shujaa. Mvua iliyofuata kila kisiki kikatoa machipukizi kama vidole. Miaka miwili ya kung'oa iliyofuata sitaisimulia, haina utamu. Ng'oa, rudi baada ya mvua, ng'oa tena.

Msomaji wangu amejibu kwamba tayari amelipia miche kumi, na anauliza kama muuzaji atakubali kumrudishia pesa. Sijui moyo wa muuzaji wake. Mimi mteja wangu nilimrudishia zote. Alizihesabu mbele yangu, akazitia mfukoni, na hadi leo tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa tu.