Kabla hujaringia namba za Google Scholar

Mwaka nilipoomba kupandishwa cheo kwa mara ya kwanza, Google Scholar, ule ukurasa wa Google unaoorodhesha makala za watafiti na kuhesabu mara zilizonukuliwa na wengine, ilinipa kiashiria cha h cha 14. Nikakijaza kwenye fomu nikiwa na furaha tele. Mzee mmoja wa kamati akaniita pembeni: "Mwanangu, hii makala ya kwato za ng'ombe ni yako?" Mimi nafanya kazi na RNA ya mimea, yaani ile molekuli ndugu ya DNA. Kwato nazijua za kwenye supu tu. Kumbe mashine ilikuwa imemzoa kila mwenye ubini wangu na herufi ya kwanza ya jina langu, ikanirithisha kazi zao. Nilipozifuta, h ikashuka hadi 6. Yaani nina makala sita ambazo kila moja imenukuliwa mara sita au zaidi. Kipimo hicho alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na ubaya wake ni kwamba kikishahesabiwa sawasawa hakishuki kamwe. Ukikaa miaka kumi bila kushika pipeti, chenyewe kinabaki pale pale.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chagua jina moja uandikie hilo hilo maisha yako yote. Sisi wenye majina matatu tuna tabia ya kutumia la babu kwenye makala hii na la baba kwenye ile, halafu tunashangaa kazi zetu zimesambaa. Jisajili ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake pekee; ni bure, na ile namba yako iweke kwenye kila makala unayotuma.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili: kunukuliwa kunaonyesha kazi imetumika. Ukubwa wa ugunduzi ni habari nyingine. Ukiangalia makala zinazonukuliwa kupita kiasi katika fani yetu, utakutana na ya Chomczynski na Sacchi ya 1987, inayoeleza namna ya kutoa RNA kwenye seli kwa fenoli na klorofomu, na ya Livak na Schmittgen ya 2001, yenye hesabu ya kulinganisha utendaji wa jeni kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA mara nyingi. Zote zimenukuliwa makumi ya maelfu ya mara. Ni mapishi, na kila anayeingia jikoni lazima aseme amepikia kitabu gani. Sidharau, mimi mwenyewe nimezinukuu. Lakini hakuna siri mpya ya uhai iliyofichuliwa mle.

Sasa chukua wanabiolojia Victor Ambros na Gary Ruvkun. Mwaka 1993 walionyesha kwamba kipande kifupi cha RNA kiitwacho lin-4 kinazima jeni ya lin-14 ndani ya mnyoo mdogo sana. Wengi wakaona hayo ni mambo ya minyoo, wakapita. Hadi mwaka 2000, maabara ya Ruvkun ilipoonyesha kuwa kipande kingine, let-7, kipo kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo. Nobeli ikaja 2024. Kamati ambayo ingehesabu namba mwaka 1997 ingeona nini? Mwanabiokemia Katalin Karikó naye alishushwa cheo chuoni kwake mwaka 1995. Makala aliyotoa na mwenzake Drew Weissman mwaka 2005, ya kubadili uridini (mojawapo ya vijenzi) za mRNA, ile RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, ili mwili usiipokee kama adui, haikuzua gumzo. Chanjo za korona zilizotengenezwa kwa mRNA ndizo zilizowafanya watu waifukue.

Ukisoma wasifu wa mtu, basi, acha jumla. Tazama nafasi yake kwenye orodha ya waandishi: katika biolojia wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ni mwenye maabara. Walio katikati, uliza. Kisha fungua makala mbili uzisome. (Na yale majarida yanayokuita "profesa mtukufu" kwa barua pepe na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu, futa.)

Sisi tunaotafiti muhogo tuna shida yetu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi shambani, uliripotiwa na mtafiti Storey kutoka Amani, Usambara, mwaka 1936. Virusi vyake ni vya RNA. Ila wanaovitafiti ni wachache ukilinganisha na watu wa saratani, na wachache watanukuliana kidogo. Bwana shamba anayechagua mbegu safi kwa sababu ya kazi yako hanukuu mtu. Ndiyo maana siku hizi chini ya kila makala kwenye wasifu wangu naandika mistari miwili: nilifanya nini kwa mikono yangu, na nani ameitumia. Kamati nyingine husoma, nyingine hutafuta namba tu.

Makala yangu ninayoipenda kuliko zote, ya muhogo, imenukuliwa mara tisa. Mbili kati ya hizo nilijinukuu mwenyewe.