Kalamu za mninga zinapasuka kwenye mdomo wa bomba

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Mafinga, zamani nilikuwa nakereza miguu ya vitanda kwenye karakana ya baba mdogo, nikaacha miaka 9 nikaingia biashara ya viazi, mwaka huu nimerudi. Nyumba ya bibi imebomolewa nikaokoa fremu za milango, mninga mtupu, nataka kutengeneza kalamu zile za bomba mbili za shaba. Nimefanya 5, ila 3 zimepasuka mwishoni kabisa wakati nakandamiza vyuma vya kalamu kwenye midomo ya bomba. Mbao imezeeka au mkono ndo umesahau?

JIBU: Marahaba kijana wangu, karibu tena kwenye mashine. Mninga haujazeeka, uliokaa kwenye fremu miaka yote hiyo umeshakauka na kutulia, hauchezi sana, mi ningeupata huo ningefurahi sana. Shida naiona kwenye gundi. Unaposukuma bomba kwenye tundu la mbao gundi inaingia mdomoni inaganda humo, afu chuma kikija kinakosa nafasi, kinatanua bomba na mbao inachanika. Sasa we umetoka kwenye viazi, chukua kiazi ukate kipande kinene, kandamiza mdomo wa bomba hapo, kinaziba. Gundi ikikauka toa kile kiazi, kwangua ndani pawe pasafi kabisa.

Halafu angalia ncha ya mbao. Ikizidi bomba hata kidogo, ukikandamiza mbao ndo inabeba nguvu yote badala ya shaba, kwa hiyo isawazishe mpaka uone shaba inang'aa mzunguko mzima. Na kutoboa, biti ya milimita 7 usiizamishe kwa mkupuo, ingiza kidogo toa, ingiza toa, unga wa mbao utoke, maana joto linaanzisha ufa wa ndani ambao huuoni mpaka siku ya kukandamiza.

Mbao za kubomoa pitishia sumaku kwanza, misumari iliyokatikia ndani haionekani na ikikutana na patasi kipande kinakurukia usoni. Kama ina rangi ya zamani usiipige msasa, inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, upande wenye rangi ukate kwa msumeno uutupe. Vumbi la mninga linawasha koo, vaa barakoa. Na hilo sweta, najua Mafinga baridi, lakini mikono ikunje mpaka kwenye kiwiko na glovu usivae kabisa mbele ya mashine, nakuomba sana hapo.

Zile 3 usitupe, vyuma vinasukumika nje taratibu kwa kijiti cha chuma, utavivalisha mninga mwingine.