Jibu: Nastaafu Uingereza, nimepata shamba Pemba kwa milioni 20 – USITUME HIZO PESA

Usitume. Kama umeshatuma nusu, usimalizie. Kama ndiyo uko dukani kwenye foleni ya kutuma, toka ukanunue chipsi, utakuwa umezitumia vizuri zaidi.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Miaka ishirini na kitu Uingereza, pasi yao mkononi, pensheni haifiki pauni 800 kwa mwezi, unataka kurudi kupumzika Pemba. Mjomba wa mkeo kakupatia "shamba la eka tatu, lina minazi na mikarafuu kidogo, bahari inaonekana," karatasi ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) ipo, na uwahi kabla halijachukuliwa. Kaka'angu, nilipofika hapo kwenye "eka tatu" nikaacha uji jikoni. Uji umeungua. Nakudai sufuria.

Mie pia niliambiwa niwahi.

Nilifanya kazi za usiku hospitalini Coventry miaka 24, kufagia na kufua mashuka. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu akanipigia simu dalali. Si mtu baki, mtu wa nyumbani, wa kusali safu ya mbele, sauti yake asali. Akanitumia video ya shamba: minazi inayumba, upepo unavuma kwenye simu, yeye anahema kama aliyegundua bara jipya. "Dada, ardhi ya Pemba leo bei hii, kesho utaililia." Milioni 28. Nikatuma kwa mafungu mawili. Nikamuuliza mambo ya hati, akasema karatasi itaandikwa kwa sheha, mashahidi wapo, ila kwa kuwa wewe una pasi ya Kiingereza tutaandika jina la kijana wa dada'ko. "Urahisi tu."

Urahisi tu! Hapo ndipo mtu mwenye akili angekata simu. Mie nikasema alhamdulillahi, wananijali.

Sasa sikiliza, maana naona na wewe umeandika "mimi ni mtoto wa hapa, sina shida ya ardhi." Unayo. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku ile uliyovaa koti zuri ukanyanyua mkono kumwapia Malkia, mkapiga picha na keki, ndiyo siku uliyoacha kuwa Mtanzania, na kwa hivyo si Mzanzibari tena. Ardhi yote Zanzibar ni ya Serikali, ndivyo inavyosema sheria ya mwaka 1992. Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia. Mgeni hukodishwa kwa njia ya uwekezaji, na hiyo ni habari ya wenye mahoteli, si yako wewe na mie wa kuhesabu pauni. Kitovu changu kimezikwa Wete, Pemba hiyo hiyo, lakini wakati ule mbele ya sheria mie nilikuwa sawasawa na Mzungu aliyeungua mgongo ufukweni Nungwi. Naye afadhali ana mafuta ya kujipaka.

Nikaona shamba bila nyumba halina maana, nikatuma na milioni 14 za msingi. Mawe, saruji, fundi, maji ya kuleta kwa gari. Jumla milioni 42. Wakati ule ilikuwa kama pauni 13,000. Hesabu mwenyewe ni mashuka mangapi.

Agosti 2022 nikashuka na meli bandari ya Mkoani, Pemba, sikwenda hata kumsalimia dada, nikachukua gari moja kwa moja hadi shambani. Nimevaa kanga mpya. Nafika, nakuta watu. Vijana wako juu ya mikarafuu, wanawake wamekaa chini wanachambua karafuu, makonyo (vile vijiti vyake) huku, karafuu huku, watoto wanacheza juu ya msingi wangu. Nikamwendea bibi mmoja mtu mzima, nikamwamkia, nikamuuliza kwa heshima zote: "Bibi, mnafanya nini shambani kwangu?"

Akanitazama, akatikisa ungo wake. "Shamba sijui, mwanangu. Mikarafuu yetu."

Na lililoniumiza ni kwamba nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Kwetu mti ni mali mbali na ardhi ni mali mbali. Babu yangu mwenyewe alikuwa na minazi minne ndani ya shamba la mtu, tukienda kuangua tunapiga hodi, hakuna aliyegombana. Miaka 24 ya Coventry ikanifuta kichwani. Nikadhani nikinunua chini nimenunua na juu, kama nyumba za kule na bustani zake.

Haikuishia kwenye miti. Eka tatu, kaka'angu, si kipimo tu. Ni zile eka ambazo Serikali iliwagawia watu baada ya Mapinduzi ya 1964, walime wapate kula. Marehemu aliyepewa hakupewa auze kienyeji kama mkungu wa ndizi. Alipokufa akaacha warithi 11. Aliyeniuzia mie ni mmoja wao. Mmoja! Wengine wako Tanga, wengine Dar, mmoja yuko Muscat, na huyo wa Muscat ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, ananipigia usiku wa manane kunieleza habari za babu yake. Mikarafuu nayo, sehemu ilikuwa ya ukoo wa yule bibi, sehemu iliwekwa rehani kwa mtu wa tatu ambaye mpaka leo sijamwona uso. Minazi sikuuliza tena. Niliogopa.

Na karatasi ya sheha? Ninayo, nimeiweka kwenye plastiki, ina mhuri mzuri na dole gumba tatu. Inathibitisha kwamba siku fulani watu fulani walikaa kwenye baraza wakahesabu pesa. Basi. Hati ni ya Kamisheni ya Ardhi. Kuhamisha haki ya ardhi kuna Bodi ya Uhaulishaji. Mirathi kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Milango mitatu, na mie sikugonga hata mmoja, kwa sababu mtu wa safu ya mbele kaniambia "huko watakusumbua tu dada, wanataka chai."

Nilipompata huyo dalali, baada ya wiki mbili za simu yake kuwa "haipatikani," unajua kaniambia nini? "Dada, mbona umerudi na tabia za Kizungu, unapenda kesi." Mungu amuone. Udalali wake kalipwa mara mbili, na mie na muuzaji, kisha tabia mbovu ni yangu. Yule mpwa wangu simlaumu sana, alikuwa na miaka 23, kapewa laki tano aweke jina. Ila kila Idi akija kula pilau namuuliza: je, tajiri wangu mwenye shamba, hujambo?

Tulikaa na wazee mara tatu. Nimerudishiwa milioni 6 kidogo kidogo, nyengine laki mbili, nyengine laki na nusu, kama naomba msaada. Zilizobaki ndiyo basi tena. Msingi uko pale pale. Fundi alishamwaga na jamvi, lile zege la chini, na warithi wamegundua kuwa karafuu zinakauka upesi juu yake kuliko kwenye majamvi ya ukindu. Kwa hivyo nina jamvi Pemba. Kila msimu watu wanalitumia na kuniombea dua. Mmoja kaniuliza kama naweza kulipanua.

Ndiyo nakwambia: usilipe shamba mpaka umeona kwa macho yako nani anakwea miti yake. Njoo, panga nyumba, kaa. Ngoja mavuno. Na yawe mavuno ya kweli, maana mkarafuu una mwaka wa kuzaa na mwaka wa kununa, na mwaka wa kununa kila shamba huonekana halina mwenyewe. Mwaka wa kuzaa ndio wenyewe hutokea, hata wale waliodhaniwa wamekufa. Angalia nani yuko juu ya mti, nani kakaa chini anachambua, nani anabeba gunia kwenda kituo cha ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na pesa zikirudi zinagaiwa kwa nani. Huyo ndiye mwenye shamba. Mjomba wa mkeo kama hayumo humo, mpikie chai aende zake.

Haya, maswali yako mengine. Pensheni: kama hiyo 800 ndani yake kuna ya serikali, jua kwamba ukihamia Tanzania inaganda. Uingereza huwaongezea kila mwaka waliohamia baadhi ya nchi tu, na Tanzania haimo. Ile kamili nilipoanza 2022 ilikuwa pauni 185.15 kwa wiki, Aprili 2025 ikafika 230.25. Mie kwa miaka yangu 24 ya kuchangia badala ya 35 inayotakiwa napata kama 127, na itabaki 127 mpaka nizikwe. Ningebaki Coventry, kufika Aprili 2025 ingekuwa kama 158. Hilo nalo hakuna aliyeniambia, nimeliona kwenye barua. Pensheni imeganda, mchele wa mapembe haujaganda, nazi wala usiniulize.

Lakini naishi. Napata kama milioni moja na laki nane kwa mwezi. Nimepanga vyumba viwili Chake Chake kwa laki mbili na nusu, mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele, tukaelewana mitatu. Samaki wa asubuhi, muhogo, umeme wa tukuza, ule wa kulipia kwanza, mtoto wa jirani wa kunibebea vitu, na inabaki ya kuweka kwa ajili ya kwenda Unguja kutibiwa. Weka hiyo akiba, maana huduma ya bure ya NHS, matibabu ya serikali ya Uingereza, ni ya wakaazi wa kule, ukihama umeiaga. Nina presha, na unajua sasa nimeipata wapi.

Kibali cha ukaazi ni daraja C kwa wastaafu, kianze mapema. Ukija kwa matembezi kwanza, ambalo ndilo nakuomba, andaa dola 50 za viza na dola 44 za bima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024. Uitwe Juma au Khamis, dirishani wanaangalia rangi ya pasi.

Uliuliza pia intaneti, na nini tena, gari? Sipandi juu kusoma tena, nikiliona lile neno "wahi" kichwa kinaniuma. Intaneti ipo, si unanisoma.

Mpigie mjomba leo, usimtajie mie, umuulize swali moja tu: karafuu za mwaka jana za shamba hilo kauza nani? Akikujibu kwa jina la mtu, lilete hapa tulitafute. Akikujibu "usijali," uje unilipe sufuria.