Nyenje asiye na mabawa kwenye miamba ya Coco Beach

Mkuu, umeuliza kama kijidudu ulichokiona usiku kwenye miamba ya Coco Beach ni yule nyenje wa lava (mwamba ulioyeyuka wa volkano) wa Hawaii. Hapana. Yule, Caconemobius fori, yuko Kisiwa Kikubwa cha Hawaii tu. Lava ya volkano ya Kilauea ikishapoa yeye ni kati ya viumbe wa kwanza kuhamia: mchana hujificha kwenye nyufa zenye unyevu, usiku hutoka kula takataka zinazoletwa na upepo. Mimea ikishaota, anatoweka. Ndugu yake C. sandwichensis anaishi kwenye mawe yanayorushiwa maji na mawimbi, na inaaminika wa lava alitokana na jamii hiyo ya pwani. Wote wawili hawana mabawa, kwa hiyo hawaimbi, maana nyenje huimba kwa kusugua mabawa.

Sasa wa kwako. Kwanza hesabu miguu. Ikiwa 14, huyo si mdudu, ni jamaa ya kaa, na wamejaa kwenye miamba yetu. Ikiwa sita, mapaja ya nyuma manene na vipapasio virefu kupita mwili, ni nyenje. Hapa ndipo wengi wanateleza: tunutu (mtoto ambaye hajakomaa) wa nyenje yeyote hana mabawa! Mwangalie mgongoni kwa lenzi. Vijibawa vidogo kama magamba mara nyingi maana yake bado anakua. Mgongo mtupu haujathibitisha kitu, kwa sababu tunutu mchanga naye yuko hivyo. Tafuta jike: katikati ya vijimkia viwili pana mrija wa kutagia. Ukiwa mrefu, mgumu na mweusi huku mgongo ni mtupu, hapo una mkubwa asiye na mabawa kweli.

Kumnasa, tumia chupa ya kioo, mdomo usawa na mwamba ndani ya ufa, chambo cha jibini au dagaa kiasi cha punje ya maharage, na karatasi yenye unyevu. Kioo kinateleza, hapandi kutoka. Chambo kikizidi, sisimizi na kaa wanakutangulia. Tega maji yakianza kupwa, tegua kabla hayajarudi, la sivyo wanazama. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiitumie leo. Siku za bamvua (maji makubwa) ongeza tahadhari, maji yanapanda juu sana.

Piga picha ya mgongo na ya ubavu, sarafu ikiwa kando, kisha mrudishe ufa uleule. Akikauka anakufa upesi.